Propela Mbili za Afande

Mvua ikianza kunyesha Arua, watu hukimbilia barazani. Afande alikuwa anakimbilia ndani ya nyambizi. Ilikuwa imelala gerejini kwake juu ya magogo mawili, tumbo la chuma ambalo zamani lilikuwa tangi la mafuta la lori, naye aliingia humo kwa kutanguliza kichwa, akafunga kifuniko, akakaa kimya mpaka mvua ikatike. Hakupenda kulowa. Hata manyunyu yakianguka alivaa mfuko wa nailoni kichwani. Siku moja nilimwuliza kwa nini mtu anayeogopa maji namna hiyo anajenga chombo cha kwenda chini ya maji, akanijibu bila kucheka.

"Ndiyo sababu, Mama Nati. Mutu ya kupenda maji, yeye naogelea tu."

Mama Nati ni mimi. Jina hilo alinibandika yeye na mji ukalipokea, siku hizi hata padri ananiita hivyo akinigawia zamu ya kufagia kanisa. Ninauza nati, bolti na vipande vya baiskeli juu ya meza moja, ng'ambo ya barabara, mkabala na geti la gereji yake. Kila asubuhi nilikuwa ninatoka Aroi kuja kukaa hapo, miaka tisa mizima, uso wangu ukitazama mgongo wake. Kwa hiyo nikisema ninamjua, nina maana ninajua kikohozi chake cha kutafuta maneno, na namna alivyofuta spana kwa kanzu kuukuu kabla ya kuikopesha, na akirudishiwa akaifuta tena mbele ya macho ya aliyekopa. Alizaliwa wapi na ni wa ukoo gani, waulize watu wa Koboko, watakupa majibu manne na yote watayaapia. Alikuwa fundi wa magari jeshini. Jeshi lipi na chini ya serikali ipi, hatukuuliza sana, maana alitumikia zaidi ya moja na zote alizipigia saluti kwa mkono uleule.

"Mashine haina kosa," alikuwa anasema. "Kosa iko kwa mutu, ama iko kwa pahali."

Falsafa yake yote ilikuwa hapo, na alitutawala nayo. Kosa likiwa la mtu, alifoka mpaka kuku wa jirani wakatawanyika, kisha akalitengeneza kwa mikono yake mwenyewe, na hakubanduka mpaka limekwisha. Kosa likiwa la pahali, yaani barabara, vumbi, jua au umeme, alikunja mikono kifuani akasema, "Hiyo ni kazi ya serikali," akakaa kungoja. Mbele ya geti lake palikuwa na shimo lililokuwa linavunja springi za magari yaliyoletwa kutengenezwa springi. Angeweza kulijaza kwa mchana mmoja. Badala yake kila kiangazi alilipima kina kwa fimbo, akatikisa kichwa, akarudi ndani. Juzi nimelipita shimo hilo, bado lipo na linazidi kunawiri.

Lakini hilo la kutobanduka halikuwa mzaha. Zubeda, binti yake wa kwanza, aliolewa Koboko baba yake akiwa chini ya lori Arua. Asubuhi ya safari alikuwa ameona kosa kwenye giaboksi, na kwake kosa likionekana, safari imekufa. Walimpigia simu mara nyingi. Mwishowe akapokea, akaagiza bwana harusi apewe salamu na aulizwe anaendesha gari la aina gani. Mke wake ndiye aliyenisimulia haya, akicheka, halafu katikati akaacha kucheka na kuangalia pembeni.

Mke wake, Mama Zubeda, alikuwa anaishi Lurujo, kwenye shamba lao, peke yake tangu watoto wote wapate nyumba zao. Alilima karanga na muhogo. Afande alikwenda huko kwa Idi na kwa mazishi, akakaa siku mbili, akilitazama jembe kama mgeni ambaye hajatambulishwa kwake. Mara mojamoja yeye mwanamke ndiye aliyekuja Arua na mfuko wa karanga, akaketi juu ya tairi, akanyoosha goti lake bovu, akamwangalia mumewe anavyosema na vyuma kwa sauti ambayo nyumbani haijasikika. Siku goti hilo lilipokataa kabisa kukunjika, alisimama katikati ya gereji, akashika nyambizi kwa mkono ili asianguke.

"Baba Zubeda, mimi nachoka," akasema. "Leo tunapatana mbele ya hii watu. Hii samaki yako ikivuka maji, irudi yenyewe bila kamba, mimi nanyamaza mpaka nakufa. Ikikataa, unafunga hii mlango, unakuja nyumbani, tunalima."

"Itavuka."

"Basi leta mkono."

Akauleta, umejaa grisi, na mke wake akaushika hivyohivyo. Tangu siku ile mtaa mzima ulijua kwamba nyambizi ikishindwa, gereji inafungwa na Afande anakwenda kushika jembe. Mimi nilijua na la ziada, kwamba meza ya nati mbele ya geti lililofungwa ni pambo tu. Ila niseme ukweli, sikuziogopea nati. Niliogopa kukaa pale asubuhi bila kusikia mtu akigombana na mashine.

Nyambizi ni neno la vitabuni; sisi tuliiita Samaki ya Afande. Wazo lenyewe lilimpata katikati ya mto Nile, juu ya kivuko kilichozimika injini yeye akiwa abiria. Alikaa juani nusu siku, akikatazwa kuigusa injini kwa sababu hakuwa na barua, na aliporudi Arua alikuwa ameshaamua. "Juu ya maji iko na tiketi, iko na polisi, iko na barua," alitwambia. "Chini hakuna mutu." Fundi simu wa pembeni mwa gereji akamtafutia kwenye simu picha ya tajiri fulani wa mbali, ameketi peke yake ndani ya nyambizi ndogo, ana glasi ya kinywaji mkononi, na samaki wanampita mbele ya kioo. Afande aliitazama picha ile kwa muda mrefu. Wala hakuwaona samaki.

"Propela yake iko wapi?" akauliza.

Swali hilo lilituchukua misimu miwili ya mvua. Tangi alilikata na kulichomelea upya kwa wiki mbili. Kioo kilitoka kwenye basi lililokufa, betri zilitoka kwenye sola, mota zilitokana na stata za malori, na mianya ya kuingilia maji aliiziba kwa grisi na vipande vya mpira wa tairi la ndani. Hayo yote aliyaamua peke yake, akipiga mluzi. Lakini propela ziwe ngapi, zikae wapi na zigeuke upande gani, hilo alisema ni zito, lilihitaji kikao.

Kikao kilikuwa saa kumi alasiri. Wajumbe walikuwa watatu: Afande, fundi simu, na mwalimu mmoja wa fizikia aliyekuwa anapita hapo akitoka shuleni na mzigo wa madaftari ambayo hakutaka kuyafikisha nyumbani. Sheria ilikuwa moja. Kulikuwa na kikombe cha bati chenye ukingo wa kijani, kimejaa chai ya maziwa, na aliyekishika ndiye aliyesema. Anapiga funda, anasema, anampokeza mwenzake. Asiye na kikombe anafunga mdomo, awe mkubwa namna gani. Chai ikiisha, uamuzi umepita na haurudiwi. Mimi nimeona mabaraza mengi yenye viti vya kuzunguka ambayo hayakuwa na utaratibu mzuri kama ule.

Kikombe kilikuwa changu. Chai niliipika mimi, kwa jiko langu, na sukari nilitoka nayo Aroi. Nilikipeleka kikao kikianza na nilikiosha kikao kikiisha, na hapo katikati hakikunirudia mkononi hata mara moja.

Mwalimu alitaka propela moja, kubwa, ya polepole, ikae nyuma katikati, ndani ya kipande cha bomba ili maji yasikimbilie pembeni. Aliichora kwa chaki kwenye geti, na mishale. Hakuwahi kuona propela kwa macho, lakini aliwahi kusahihisha mtihani uliokuwa na swali lake, na hilo lilimpa ujasiri. Fundi simu alitaka nne ndogo, pembe nne, kama za vile vidude vya kamera vinavyoruka juu ya harusi. "Dunia iko kwa nne sasa," alikuwa anasema, bila kutueleza dunia hiyo aliiona lini. Afande mwenyewe alitaka mbili, nyuma, kushoto na kulia. "Mutu iko na miguu ngapi? Moja ikikufa, ingine inakuleta nyumbani. Unataka kukata kona, unasimamisha moja tu." Nilipolisikia hilo kutoka ng'ambo ya barabara nilisema moyoni, hapa mzee ana akili.

Lakini kikao ni kikao. Chai ilikwisha mara nyingi mwalimu akiwa bado kwenye utangulizi. Kuna wiki walikubaliana propela tatu, ambazo hakuna hata mmoja aliyezitaka, na nadhani ndiyo maana zilipita. Afande akaanza kuchelewa kurudi kutoka swala ya Ijumaa, kisa amebaki msikitini akiangalia feni ya darini inavyozunguka, mpaka imamu akamwambia kwa upole kwamba wakati wa hotuba macho huangalia mbele. Mwishowe mwalimu aliitwa kusimamia mitihani, fundi simu akapata mafua, na siku hiyo Afande akakinywa kikombe chote peke yake. Propela zikawa mbili.

Alizikata kutoka diski za jembe la trekta, mabawa matatu kila moja, kwa kigezo kimoja cha katoni. Alizipiga tupa siku nyingi. Kisha akailaza moja juu ya nyingine na kutuita tuje kuona: hapakuwa na tofauti ya unywele.

"Sare!" akasema, na macho yake yalikuwa yanang'aa. "Jeshi ni nguo moja, hatua moja. Propela hii ikikuwa tofauti na hii, maji itachanganyikiwa."

Nikaangalia miguu yake. Alikuwa amevaa buti zake za jeshi, ya kushoto kushoto, ya kulia kulia.

Siku chache baadaye fundi simu alipona mafua na kurudi na habari. Akiwa ameshika kikombe alieleza kwamba propela mbili zikizunguka upande mmoja, mwili wa chombo hutaka kubingirika. Kwa hiyo moja izunguke kulia na nyingine kushoto. Mwalimu, naye amerudi kutoka kwenye mitihani, akapokea kikombe, akasema ni kweli, hiyo ni sheria kabisa. Afande alikohoa, akanywa, akafikiri, akakubali, kwa sababu ilikuwa kazi ya dakika mbili: aligeuza nyaya za mota ya kulia, basi. Chai ikaisha.

Hapo ndipo kosa lilipozaliwa, na ninalieleza kwa wale wasiokaa na vyuma. Mabawa ya propela yamepindwa ili yakizunguka yasukume maji kwenda nyuma. Ukiizungusha kinyume propela ileile, itasukuma maji kwenda mbele. Ya pili inayogeuka kinyume lazima ikatwe kwa mapindo ya kinyume, kama buti ya mguu wa pili. Mwenye baiskeli yeyote hapa kwetu anajua jambo la jamii hiyo, maana pedali ya kushoto hufungwa kwa kuzungusha upande wa pili. Ukilazimisha ya kulia iwe ya kushoto, utafika sokoni umebeba pedali mkononi. Nami nimeuza pedali maisha yangu yote.

Tena nililiona kwa macho. Siku walipozijaribu nchi kavu, mkia wa Samaki ukiwa umeelekea getini, propela ya kushoto ilinirushia vumbi lote la gereji juu ya nati zangu. Ya kulia haikunirushia hata chembe. Yenyewe ilikuwa inapeperusha madaftari ya mwalimu kuelekea ukuta wa ndani. Mama Zubeda alikuwepo siku hiyo, juu ya tairi lake, akibambua karanga. Wanaume watatu walipiga makofi kwa sababu zote mbili zilikuwa na upepo.

Jioni ile Afande alivuka barabara kuja kuchukua nati za kuzifungia. Nilimtengea mbili, moja ya kawaida na moja ya kufunga kinyume, kwa sababu nati ya kawaida kwenye chuma kinachogeuka kinyume hulegea. Aliijaribu ile ya pili kwenye bolti moja ya mezani, akanirudishia.

"Hii imeharibika. Inakataa."

"Haijaharibika, Afande. Iko ya kushoto. Hata hiyo propela yako ya kulia..."

"Mama Nati," akanikatiza, kwa upole, na ule upole ndio ulioniudhi, "wewe uza tu. Mambo ya propela iko na kikao."

Nikauza. Nilimpa nati mbili za sare, nikamfungia kwenye gazeti, nikamtakia heri. Ningeweza kumfuata mpaka ndani na kupiga kelele. Ningeweza kumnong'oneza mwalimu, angelisema kesho yake kama lake na lingesikilizwa. Sikufanya hivyo. Nilikaa na hasira yangu kwa sababu ilikuwa tamu, nikasema, kikao kina kikombe changu, basi na kikiulize kikombe.

Majaribio yalifanyika Adumi, kwenye bwawa la samaki la katekista mmoja. Mto Nile ulikuwa mbali kwa lori tulilopata, na mwalimu alisema kanuni za maji ni zilezile hata kwenye beseni. Kina cha bwawa kilikuwa kifuani kwa mtu mzima, jambo lililomfurahisha Afande kuliko alivyotaka tujue. Watu walijaa. Kwaya ilifika na ngoma, ilikuwa imesikia kwamba ni ubatizo. Mama Zubeda alitoka Lurujo alfajiri na kufika na kamba ya ng'ombe begani.

"Kamba ya nini?" mumewe akamwuliza.

"Ya ng'ombe. Natembea nayo tu."

Afande alikuwa amevaa sare zake, zimepigwa pasi. Akapiga saluti, akaingia, akafunga kifuniko. Samaki ikazama taratibu mpaka maji yakafika juu ya kioo, kisha tukasikia mota zinanguruma. Kwa kitambo kifupi nilitamani niwe nimekosea. Halafu ikaanza kuzunguka palepale. Ilizunguka kwanza kwa adabu, kisha kwa bidii, na kwenye kioo tulimwona Afande akipita, akapita tena, kila akipita uso wake una rangi nyingine. Watu walishangilia, wakidhani hiyo ndiyo kazi yenyewe. Kwaya ikapiga ngoma. Sato wa katekista walikuwa wanarukia nyasi. Ndipo nati ya kulia ikalegea kama ilivyopaswa, propela yake ikadondoka, na ile ya kushoto, ikiwa imebaki peke yake, ikaisukuma Samaki kwa upinde mzuri kabisa mpaka ukingoni, ikazika pua kwenye magimbi. Mota zikazima.

Hakuna aliyecheka hapo. Mama Zubeda aliishusha kamba begani, akajifunga nguo vizuri, akaingia majini na goti lake lile, akichechemea, mpaka maji yakamfika kiunoni. Akafunga fundo kwenye pete ya mkiani bila kumwangalia mtu yeyote. Wanaume wakaja kuvuta.

Afande alipotoka aliupigia saluti mti wa mkaratusi, akaketi chini kwa nguvu. Baadaye akasema, "Imetembea." Akaiona kamba. Alikaa akiiangalia, na mimi niliyekuwa na nati ya kushoto nyumbani nikageuka nikajifanya ninatafuta kiatu. Nilijisikia vibaya sana siku ile. Mtu yule alinidharau mara moja, nami nikamwacha azungushwe mbele ya watu na kupoteza kitu pekee alichokijua duniani.

Mkono alioutoa hakuurudisha. Wiki hiyohiyo lori lilibeba Samaki na vyombo vyote kwenda Lurujo, geti likafungwa kwa kufuli, na kikombe changu kikaondoka ndani ya sanduku la spana. Fundi simu alihamia mtaa wa pili. Mwalimu nilimwona mara moja sokoni, akanieleza kwamba yeye tangu mwanzo alisema moja.

Mwaka mzima nilikaa mbele ya kufuli lile. Kisha msimu wa karanga ulipofika nikaifunga ile nati ya kushoto kwenye gazeti, nikapanda gari hadi Koboko na boda hadi Lurujo. Watu wa nyumbani niliwaambia ninafuata kikombe. Ukweli nilikuwa ninakwenda kumwambia.

Nilizijua propela kabla ya kuijua nyumba. Alikuwa amezisimamisha juu ya nguzo mbili katikati ya mtama, kufukuza ndege, na kwenye upepo zote zilikuwa zinazunguka upande mmoja, sare. Samaki ilikuwa imesimamishwa wima kando ya jiko, imejaa karanga, na kioo cha basi kilionyesha zimefika wapi. Mama Zubeda alikuwa ameketi na goti lake juu ya kigoda, anabambua. Afande alinipokea kwa buti zilezile, amekonda kidogo, ana udongo kwenye nywele. Hatujamaliza salamu manyunyu yakaanza, na nikamwona mtu yule akitoka mbio, akikimbia kwenda uani, kwenye mvua, bila mfuko, kuanua karanga za mkewe zilizokuwa juani. Alirudi amelowa mpaka masikioni na hakulalamika.

Chai akaipika yeye. Akaileta kwenye kikombe changu cha bati, akaketi, akapiga funda, akakohoa kile kikohozi chake. Halafu akanyoosha mkono, akanipokeza kikombe.

"Mama Nati, wewe uliona yote," akasema. "Mimi nafikiri hii kitu kila siku, hata kwa shamba nafikiri. Kosa ilikuwa ya mutu, ama ilikuwa ya pahali? Sema."

Kikombe kilikuwa cha moto mikononi mwangu. Nati ilikuwa kwenye mkoba, miguuni. Maneno nilikuwa nayo tayari, machache tu: kata ya kulia upya, kwa mapindo ya kinyume, uifunge na hii. Na nilimjua mtu yule. Kosa likionekana, habanduki nalo. Angekuwa kwenye barabara ya Arua kabla chai haijapoa, geti lingefunguliwa, na mimi asubuhi zangu zingerudi. Alikuwa ameshavaa buti. Nikainua macho. Mama Zubeda alikuwa ameacha kubambua, ganda moja limefunguka nusu kati ya vidole vyake, anasubiri kama anavyosubiri mumewe.

Nikapiga funda. Sukari ilikuwa nyingi mno.

"Pahali, Afande," nikasema. "Maji ya Adumi haina nguvu ya kubeba kitu. Propela yako iko sawa. Sare kabisa."

Alishusha pumzi ndefu, ya mwaka mzima. Akakunja mikono kifuani.

"Nilijua," akasema. "Basi hiyo ni kazi ya serikali."

"Ni kazi ya serikali."

Akaegemea ukuta, akatulia, tayari kuingoja. Ganda la karanga likapasuka mikononi mwa Mama Zubeda, akaendelea na kazi yake. Tangu kikao cha kwanza nilikitaka kikombe kile ili niseme jambo moja la kweli, na siku nilipopewa nilisema uongo, na ningeusema tena.

Jua lilipopungua Mama Zubeda alinisindikiza mpaka njiani, akichechemea, akanipa mfuko wa karanga na kikombe changu kimeoshwa. Nikatoa lile gazeti kwenye mkoba, nikamwomba aitupe hiyo nati mahali ambapo Afande hatalima. Alikunjua, akaiweka kwenye kidole, akaizungusha mara moja, upande wake sawasawa.

"Ya kushoto," akasema. "Mimi niliendesha baiskeli mpaka hii goti ilikataa."

Nikamkodolea macho. "Kumbe ulijua?"

"Ile siku vumbi ilikuja yote kwako, si nilikuwa nakaa kwa tairi?"

"Na hukusema, dada?"

"Nani aliniuliza?"

Tulianza kucheka, tukashikana mabega, tukacheka mpaka machozi, na yangu mengine hayakuwa ya kicheko. Huko uani Afande akapaza sauti, akitaka kujua kuna kosa gani huko.

"Hakuna kosa!" tukamjibu, sote wawili kwa pamoja.